Mbuzi Mweupe wa Baraka

Zawadi dada yangu,

Pokea salamu na vumbi la Machakos. Simu ya kibandani imemeza shilingi zangu, ndiyo maana nakuandikia.

Nyanya wa bibi harusi, ambaye hapa wanamwita Susu, aliomba mbuzi mmoja tu mweupe katika mahari. Kaka yetu Baraka, bwana harusi na msomi wa ubongo, akaenda sokoni kumchagua mwenyewe. Alimpata katikati ya mbuzi weusi, mweupe kama maziwa. Tulipomfikisha kwa Susu na kumsimamisha kando ya mbuzi wake weupe, mbuzi wetu akageuka rangi ya jivu. Na kamba niliyomfunga mimi bado iko shingoni!

Badala ya kuomba radhi, Baraka akafungua darasa. Eti sehemu ya ubongo iliyo kisogoni haipimi weupe wa kitu chenyewe, inakilinganisha na vilivyo kando yake. Kwa hivyo mbuzi hana kosa, yeye hana kosa, mwenye kosa ni kisogo.

Susu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe! Ndio maana hata wewe, ukiwa katikati ya watu yako, unaonekana mzuri sana. Hebu kuja usimame hapa kando ya vijana yangu nikuone."

Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Kesho tunarudi sokoni.

Njoo harusini, mrembo wangu. Ila tafadhali, usisimame karibu na Baraka, asije naye akageuka jivu.

Nduguyo,
Neema