Ng'ombe Kumi na Wawili wa Pangoni

Misheni, Karagwe
Tarehe 14 Desemba, 1954

Kwa dada yangu Kyarimpa,

Shikamoo dada, na umfikishie baba shikamoo yangu kabla hujasoma mstari mwingine. Kifua chako kinaendeleaje? Na mvua za huko Songambele zimewapa nafasi ya kuanika maharage, au yameoza kama ya mwaka jana? Mimi mwili ni mzima. Mguu unaniuma kukiwa na baridi, lakini huo tumeshauzoea tangu siku ile fahali aliponivunja. Kisicho kizima ni moyo, na ukinivumilia nitakueleza.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa Abdulrahim mwenye duka. Umeniandikia kwamba baba kila akinywesha ng'ombe huwaambia wenzake kuwa mwanawe kilema sasa ni fundi wa misheni, na kwamba Padri mwenyewe amemsifu. Niliisoma mara tatu, halafu nikaiweka chini ya godoro maana sikutaka kuiona. Utajua kwa nini.

Uliniuliza pia kuna ugumu gani kupaka rangi kijiti kilichochongwa sura ya mtu, cha kimo cha kidole gumba. Laiti ungejua, dada yangu. Mtu aliyesimama nje hupewa mwanga na kivuli na jua, bila kuomba. Kisanamu ni kidogo mno, jua linakipita kama halikukiona, kwa hiyo fundi lazima akichoree mwanga wake na kivuli chake. Unapaka rangi ya chini, unasubiri ikauke. Unapaka rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa tapentaini, inaingia kwenye mikunjo ya nguo na chini ya kidevu. Kisha kwa brashi yenye nywele chache kama kope unagusa palipoinuka, yaani paji la uso, bega, goti, kwa rangi nyepesi zaidi, na tena nyepesi zaidi. Kusema ni rahisi. Fundi Rwegoshora, yule Mhaya wa Bukoba aliyekuwa akinifundisha, alikuwa akifanya hayo huku akipiga mluzi.

Mimi miezi mitatu nilitoa vioja. Bikira Maria nilimtia kivuli akawa kama mama aliyeshinda jikoni na kuni mbichi. Mchungaji nilimpa mwanga usoni, akaonekana amepakwa unga. Nikizimua sana, rangi inatiririka mpaka miguuni, nikipunguza, inaganda. Fundi hakuwa na maneno mengi. Alichukua kitambaa, akafuta kazi yangu ya siku nzima, akanirudishia kijiti kikiwa kitupu. Siku moja tu alisema, mbele ya waashi, kwamba mikono yangu ni ya kukamulia. Lilinichoma neno hilo, maana wewe unajua kwamba kwa mguu huu hata kuchuchumaa nikamue siwezi. Nikishindwa kupaka rangi, mimi ni wa kukaa mlangoni nifukuze kuku.

Lakini balaa kubwa lilikuwa ng'ombe. Padri aliagiza kumi na wawili kwa ajili ya pango la Noeli, wenye pembe ndefu kama za kwetu, akisema Wakristo wa huku hawatamheshimu Mwokozi aliyezaliwa penye ng'ombe mmoja. Fundi akaniambia ng'ombe mwekundu nimtie weusi tumboni na wekundu uliopauka mgongoni. Mkono ukakataa. Mimi na wewe tumelelewa zizini. Ng'ombe mwekundu, bihogo, ni mwekundu mgongoni, mwekundu tumboni. Ukimwona mwenye tumbo jeusi basi huyo ni ng'ombe mwingine, ana jina lingine, pengine na mwenyewe ni mwingine. Nilimweleza hivyo Fundi, akacheka sana, akasema ile si rangi ya ng'ombe, ni kivuli. Akanituma niende malishoni saa sita nikawatazame walio hai. Nilikwenda nikichechemea, nikakaa, nikatazama mpaka macho yakauma. Dada, naapa sikuona kivuli. Niliona bihogo. Niliporudi nikasema hivyo, alinijibu kwamba ng'ombe wameniziba macho.

Basi akawapaka mwenyewe wote kumi na wawili, wiki sita. Mimi nilisaga rangi na kuosha brashi.

Jumamosi moja mwezi uliopita walikuja wazee wa kijiji cha Ndama kuwatazama. Mzee Muhangi, ambaye baba anamfahamu, alimwinua mmoja akamgeuza tumbo juu, akauliza ni nani aliyekubali kumtolea Mtoto Yesu ng'ombe waliolala kwenye matope. Mwingine akasema hawa ni wagonjwa. Fundi alikasirika, akawajibu kwamba wao wanajua maziwa tu na kazi ya ufundi wawaachie watu wa Bukoba. Wazee waliondoka bila kuaga. Nilishikwa na hasira, kwa sababu walikuwa watu wetu, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesema neno lile lile nikachekwa.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mwanzo wa barua hii. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa Fundi alikwenda kunywa rubisi kwa rafiki zake, kama kawaida yake, akaniachia ufunguo nifagie. Nilichukua tapentaini na kitambaa, nikawafuta ng'ombe wake. Wote, dada. Halafu nikawapaka wekundu mmoja, safi, kuanzia mgongoni hadi tumboni, nikijiambia kesho Padri ataona ng'ombe wa kweli wanavyokuwa. Nilikuwa nimejaa jeuri.

Padri alikuja Jumatatu asubuhi, akafunua kitambaa. Walikuwa wamekaa mezani kama maharage yenye pembe. Hakuna mbavu, hakuna shingo, hakuna uhai. Nilipowaona pale kwenye mwanga wa dirisha nilitaka ardhi inimeze. Padri alidhani ni rubisi, kwamba Fundi alikuwa amelewa akaharakisha kazi, na akamwambia hivyo bila kuficha. Fundi alinitazama mimi. Hakupandisha sauti, alisema tu kwamba mwenye ufunguo alikuwa Kaijage, aulizwe. Padri akaniuliza. Nikasema sijui.

Ndivyo nilivyosema, na Padri akanisadiki. Fundi Rwegoshora akafunga brashi zake kwenye shati, akaondoka siku ile ile. Mimi nikapewa karakana, niwatengeneze upya kabla ya Noeli.

Na hapa ndipo panaponitesa zaidi. Nilipokuwa nafuta, rangi ya juu ilikuwa haijakauka vizuri kwa ajili ya mvua, ikatoka kidogo kidogo: kwanza mwanga wa mgongoni, chini yake wekundu wa kati, chini yake ule weusi, mwembamba kama jasho, na umeanzia ubavuni si tumboni. Kazi yake niliielewa wakati nikiiharibu. Nilipokaa kuwapaka tena, mkono ulijua njia. Wakasimama, dada, kama wanataka kwenda mtoni. Hata Mzee Muhangi alikuja akawatazama kwa mbali, akamwita kila mmoja bihogo bila kusita. Padri akanisifu kanisani. Hizo ndizo sifa anazotembea nazo baba.

Sikuweza kula. Jumatano iliyopita nilimwendea Padri nikamweleza yote, nje ya maungamo, ili awe huru kuyasema. Hakunikaripia. Alituma mtu Bukoba, na jana Fundi alirudi. Nilisimama nje ya karakana wakati akiwatazama, maana sikuthubutu kuingia. Aliwachukua mmoja mmoja, wote kumi na wawili, akawapeleka dirishani. Baadaye Padri alikuja kuniambia jibu lake. Amesema kazi ni nzuri, hana la kurekebisha, na wawekwe pangoni kama walivyo. Pia amesema atarudi kazini kwa sharti moja, kwamba asinione tena humo ndani. Padri amekubali.

Kwa hiyo narudi nyumbani Jumamosi kwa lori la Abdulrahim. Nakuomba umsomee baba barua hii yote, na usiruke ule ukurasa wa rubisi na ufunguo, hata akikuambia inatosha. Nataka aache kunisifu kabla sijafika. Sijui nitafanya kazi gani hapo nyumbani, na sitaki tujadili siku ya kwanza. Msalimie Verdiana na watoto wake, na uwaambie majirani watakaouliza kwamba nimekuja kula sikukuu, mengine nitayasema mwenyewe. Mungu akutunze wewe na kifua chako.

Ni mimi mdogo wako niliyekuaibisha,
Kaijage, mwana wa Ndyamukama