Mtungi Kwenye Foleni

Newala

Mke mwenzangu Fadhila,

Marahaba. Babu yako ameruhusiwa kutoka hospitali ya Ndanda, mguu umepona. Baba yako yuko Chilangala anapuliza salfa mikorosho. Unauliza kwa nini likizo ile nilikukemea kana kwamba umeua, uliposogeza ndoo ya mtu bombani naye hayupo.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilipanda mashua Mikindani na mabelo yangu ya mitumba. Tukauza Lindi, tukauza Kilwa, kisha nahodha akatia nanga kwenye kisiwa cha magofu matupu, tuchote maji. Nilitangulia. Kisimani palikuwa na mtungi mmoja, mkavu, umejaa vumbi. Mimi mtu wa Newala, ambako maji ni shida na chombo humshikia mtu zamu, nikaweka dumu langu nyuma yake, nikamngoja mwenye mtungi.

"Mama Rehema, chota twende!" nahodha akaniita kutoka ufukweni. "Hapo hapaishi mtu!"

Niligeuka kumjibu tu. Nilipotazama tena, mtungi ulikuwa umejaa hadi unachuruzika, na mchangani hapakuwa na nyayo ila zangu.

Miguu ilitaka kukimbia, nikaikatalia. Nikainama, nikachota. Zamu yangu ilikuwa imefika.

Bibi yako