Mwanya wa Mama Uliopotea kwenye Intaneti

Kampemba, Lubumbashi
Tarehe 21 Septemba 2025

Mpendwa yaya Edmond,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe kaka yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni. Mnaamkaje huko Liège, wewe, shemeji Adolphine na watoto? Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi tuko. Joto la Septemba limeshika, na vumbi linaingia mpaka kwenye sahani. Mume wangu Clément anaendelea vizuri na kazi. Baba naye ana afya ya mwili. Kwenye habari ya kichwa chake ndiko ninakotaka kufika, ila sijui nianzie wapi.

Ile video ya jubilei ya ndoa ya wazazi wetu, uliyoiweka kwenye intaneti, tuliipata mwezi wa saba. Asante sana. Ulituandikia kwamba umeisafisha, na kweli iling'aa. Clément alikuwa amenunua televisheni mpya inayoshika intaneti, na lekta yetu ya zamani, ile mashine ya kuchezesha diski, tulikuwa tumeshaigawa. Basi siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama, tulipotoka misa, tukakaa wote sebuleni: baba, mimi, Clément, mdogo wetu Lydie, na binti yangu Kiki.

Mwanzoni mtandao ulikuwa dhaifu. Picha ilivunjika vipande vipande kama vigae, ikasimama. Kisha ikatulia, na mama akatokea kwenye mlango wa kanisa kule Kambove, ameshika mkono wa baba. Ngozi laini, meno yamepangana vizuri. Lydie akapiga vigelegele. Baba akasimama.

« Uyu ni nani? »

« Ni mama, baba, » nikamwambia.

« Nguo ni yake. Kutembea ni yake. Lakini sura haiko ya Geneviève. Balimubadilisha bibi yangu. »

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Yaya, tuliogopa. Mtu aliyeishi na mke wake miaka arobaini na miwili, leo hamtambui! Lydie akasema ndivyo ugonjwa wa kusahau unavyoanza. Tukaficha funguo za nyumba. Tukamkataza kwenda misa peke yake. Tukaanza kumtafutia daktari wa kichwa. Yeye hakugombana na mtu. Aliacha tu kula na sisi.

Kilichonichanganya ni kwamba mengine yote aliyakumbuka. Ukimuuliza, anakutajia vituo vya reli kutoka hapa mpaka Kamina bila kuruka hata kimoja, na jina la kila dereva wa treni aliyefanya naye kazi. Mtu anasahauje uso mmoja tu, tena uso ule? Mimi nilikuwa nimeitazama video hiyo zaidi ya mara kumi, na nilimwona mama. Nilimwona kabisa.

Jumanne iliyopita baba akaniita. Alitoa diski kwenye sanduku lake, imefungwa ndani ya kitambaa. Ni ileile uliyokopi ulipokuja miaka miwili iliyopita.

« Dorcelle, tafuta mashine. Kama mi nilipotea, nitakubali kwenda kwa munganga. »

Tukaenda wawili mpaka Kamalondo, kwa Mwelwa, fundi wa redio na televisheni, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na lekta moja nzima na televisheni ya zamani yenye mgongo. Alipomsikia baba akieleza, hakucheka. Alimpa kiti, akafuta diski kwa shati lake, akaiingiza.

Nisikudanganye, picha yenyewe ilikuwa mbaya. Ndogo, rangi zimefifia, pembeni giza. Ukiiweka karibu na ile ya intaneti, ungesema hii ni ya kutupa. Mama akatokea mlangoni, akacheka.

Mwanya, yaya! Mwanya wa mama kwenye meno ya juu! Na lile kovu la mafuta ya moto kidevuni, na mikunjo miwili kando ya mdomo. Baba alisogea mpaka magoti yakagusa meza.

« Njo ye, » akasema. « Njo ye uyu. Mi nilioa ule mwanya. »

Nililia mbele ya wateja wa watu.

Nikamwonyesha Mwelwa video yako kwenye simu. Nilitaka aniambie kosa ni la mtandao, nielewe, niondoke. Akaitazama, akairudia, akatikisa kichwa.

« Rezo inaweza kukata sura, mama. Inaweza kuikamata kidogo-kidogo. Lakini rezo haijazake mwanya kwenye meno. Apa kuko mashine ilisafisha. Iliona mwanya, ikazania ni kasoro ya picha. »

Kwa hiyo baba alikuwa mzima. Sisi ndio tuliokuwa hatuoni. Jioni ile tulimrudishia funguo, na Lydie akapiga magoti kuomba msamaha. Baba alimwinua, akaomba sahani ya bukari, akala na sisi tena.

Lakini mimi bado nimechanganyikiwa. Picha mbaya ndiyo ya kweli, na picha nzuri inadanganya: hilo nimelielewa. Sielewi moyo wangu. Nilimzika mama yule, nilimsuka nywele, nikautazama uso mgeni mara kumi, nikaridhika. Kiki, ambaye hakumkuta bibi yake, nilipomwonyesha sura ya kwenye diski alisema anaipenda zaidi ile ya kwenye televisheni. Sasa nikifumba macho zinakuja zote mbili, na siku nyingine ile iliyosafishwa inatangulia.

Tena kuna jambo. Diski inakufa. Mwelwa alijaribu kutukopia, lakini ilipofika wakati wa matoleo ilikwama, ikatoa sauti ya kukwaruza. Amepata nusu tu. Sehemu ambayo mama anahutubia watu baada ya misa haisomeki tena. Tafadhali, yaya, tafuta kwenye kompyuta yako. Ile nakala uliyochukua hapa, kabla ya kuisafisha, bado unayo, au uliifuta? Niambie ukweli hata kama ni mbaya. Sikulaumu. Najua ulikesha ukiifanya kwa upendo.

Msalimie sana shemeji Adolphine, na watoto Fils na Bénit. Clément anakusalimu, Lydie na Kiki pia. Mama Constance, jirani yetu, anasema anakuombea kila Ijumaa. Mungu wa wazazi wetu awafunike huko mliko, awarudishe siku moja tukiwa wazima wote.

Nimempa baba karatasi aandike mwenyewe hapa chini kabla sijafunga bahasha.

Mdogo wako anayekupenda bila kupungua,
Dorcelle

*Edmond mutoto yangu. Minakushukuru kwa kazi. Lakini usimusafishe tena mama yako. Hakukuwa muchafu. Papa yako, Adalbert.*