Tangazo la Maziko ya Baba

Kaka Khubaib, huko Maskati,

Assalamu alaykum. Nyumba tumeipaka chokaa kwa harusi ya mdogo wetu Mahira.

Lile tangazo la maziko ya Baba lilikuwa kosa langu. Naujengea msikiti mtambo wa kompyuta: karani akiandika jina la maiti, mtambo unapokea habari na kuwatumia jamaa wote. Kuujaribu, nikaandika jina lililonijia kwanza, la Baba. Nilisahau kuuambia ujibu "nimepokea", basi kompyuta ya msikiti, ikidhani habari haikufika, ikarudia kutuma mara kumi na moja.

Baba alicheka, akawapa kahawa waliokuja kumzika. Kisha akaniuliza niliandika maziko ni saa ngapi. Tangu juzi hataki kula, na pumzi zinamkwama.

Mtambo nimeshautengeneza. Likija tangazo jingine, kaka, usidhani najaribu.

Nduguyo,
Ummukulthum