Kumpunguzia Nduta Mwendo

Mashimoni, Kibera
9 Juni 1979

Kwa dada yangu mpendwa Wayua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na watoto. Sisi sote wazima, isipokuwa moyo wangu. Je, macho ya mama yanaendeleaje? Na mvua ya huko Kitui imewatosha?

Dada, unajua nilivyomsihi Kavoi tangu anioe aache kuendesha lori la mchanga kama anayefukuzwa. Nimelia, nimenuna, nimemnyima hata chai. Alikuwa akicheka tu, akisema dereva wa polepole hana kazi Nairobi. Basi mwezi wa tatu utingo wake, Jeconia, akanipa kichekesho: ati siku hizi bosi akifika Riruta Satellite anaendesha kama amebeba mayai, kwa sababu ya mama mmoja anayeitwa Nduta. Sikucheka.

Nilijitanda leso nikaenda kujionea. Nduta anauza uji kando ya barabara, karibu na shule. Mwanawe aligongwa pale na gari akavunjika nyonga, na tangu hapo, asubuhi na jioni, yeye husimama na kitambaa chekundu kuzuia magari ili watoto wavuke. Kweli Kavoi alikuja polepole, akasimama, akampungia mkono. Na akatabasamu! Hata mapengo yote niliyaona. Si kwamba wana jambo, dada, hapana. Lakini mimi nimeulilia mwendo huo miaka yote, na mwenzangu ameupata kwa kipande cha kitambaa. Niliona wivu, dada.

Haya, hili nakuambia wewe peke yako. Jioni ile nilimwambia Kavoi kwamba madereva wote wa Kawangware wanamcheka, ati anaendeshwa na muuza uji. Asubuhi aliondoka lori likinguruma mpaka majirani wakachungulia. Pale shuleni hakupunguza. Watoto walikuwa hawajaingia barabarani, ashukuriwe Mungu, lakini Nduta aliruka mtaroni akavunjika mguu. Askari wa trafiki walimkamata Kavoi mbele kidogo, na hakimu amemwonya kwamba akirudia, leseni inakwenda. Kortini hakunitaja. Nyumbani pia hajanilaumu, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nilimpelekea Nduta ndizi hospitalini. Alinishika mkono akalia, akauliza ni nani sasa atakayewavusha watoto. Hajui lolote. Nilishindwa kumtazama usoni, nikajikuta nimesema nitawavusha mimi.

Kwa hiyo sasa ninayesimama pale ni mimi. Kavoi akija, lori husimama mbali kabisa, na watoto huvuka bila wasiwasi. Ila mimi hunitazama tu, hanipungii mkono. Jana aliteremsha kioo cha dirisha, nikakimbilia, nikidhani hatimaye atanisemesha. Akaniuliza Nduta anaendeleaje.

Nisalimie mama na wote wa hapo nyumbani, ila barua hii usimsomee mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Mumbua