Kisiwani Hakuendi Mtu Mwema

Nshambya, Bukoba
14 Novemba 1952

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa magoti mawili, ingawa sakafu ya memsahib ni ya saruji na inauma. Hujambo? Baba anaendeleaje na kifua chake? Migomba ya upande wa bondeni ilisimama baada ya ule upepo? Mimi ni mzima. Senene wameanza kuanguka huku, na memsahib anafunga madirisha kana kwamba panzi hao wamekuja kumwibia. Barua hii tafadhali isome mwenyewe, polepole. Usimpe katekista Rweyemamu akusomee, hata kama mwandiko wangu unakuchosha.

Kaka Karugendo alipoleta kahawa ya mwisho mjini alipitia hapa, akakataa hata chai mpaka amalize kunigombeza. Alisema Buganguzi nzima inanisema kwamba nimeharibika, na kwamba Wazungu wananipeleka kisiwani kunificha. Nilicheka, lakini kosa ni langu. Si mimi niliyekuandikia kwamba Bwana na memsahib wananipeleka kisiwani, nikaishia hapo? Mae waitu! Nilisahau naandika nyumbani. Kwetu kisiwani hakuendi mtu mwema. Bibi alitusimulia kwamba wafalme wa zamani waliwatupa kwenye kisiwa cha Musira wezi, pamoja na wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Mtu akisikia binti wa fulani anapelekwa kisiwani, atafikiri nini kingine?

Basi nieleze vizuri. Bwana, huyu mkaguzi wa kahawa ninayemlelea mtoto, amepewa likizo ndefu. Wanakwenda kwao Ulaya kwa meli inayozunguka chini ya Afrika yote, na njiani watapumzika kwenye kisiwa kiitwacho Tenerife. Mimi nilikuwa niende nao kumshika mtoto. Kila jioni walitandaza ramani mezani, wakaibana pembe kwa vikombe, nami nikiitwa kuonyeshwa. Katikati ya kisiwa kuna mlima uliowahi kutapika moto, na mchanga wa pwani ni mweusi kama masizi ya jikoni kwako. Watu huulalia kwa hiari yao, wanapumzika. Nilimuuliza memsahib wanapumzikaje chini ya mlima wa moto, akasema mlima umelala. Nikamwambia hata baba hulala, lakini hatumchezei karibu. Akacheka sana.

Tena kisiwa hicho kimejaa migomba! Nilifurahi, nikauliza wanapikaje ndizi zao, kwa maharage au kwa samaki. Memsahib akasema hawapiki, wanazingoja ziive wazile hivihivi. Watu gani hao, wana mashamba ya migomba na hawajui kupika? Niliazimia kuwafundisha. Niliutaka sana mlima ule, mama, sikufichi. Nilishajishonea gauni la safari.

Karugendo aliniambia jambo jingine. Alisema Joviana, mke wa Byabato, alikucheka kisimani, nawe ukatua mtungi ukamwambia mbele ya wanawake wote kwamba mwanao ni msafi kama siku ya Komunyo ya kwanza. Ukaapa kwa Bikira Maria. Na Jumapili ukakataa kukaa naye benchi moja. Karugendo alilisimulia kwa majivuno. Mimi sikuweza kujivuna naye.

Kwa sababu, mama, kila anayepanda meli ile lazima achanjwe. Jumatatu, kabla Karugendo hajafika, memsahib alinipeleka kwa daktari. Daktari aliniuliza maswali, akanipima, akaweka sindano chini. Akasema siwezi kuchanjwa wala kusafiri, maana nina mimba, na si ya jana wala juzi. Nilikuwa nimeshajihisi, nikawa najidanganya kwamba ni maziwa ya kopo ya memsahib yanayonichafua tumbo. Memsahib alilia kuliko mimi. Nafasi yangu melini amepewa Ashura, yaya wa jirani.

Mimba ni ya Burhani, dereva wa lori la kahawa. Ni Mwislamu, najua, na najua baba atakachosema. Lakini hakukimbia. Yuko tayari kuja kuniposa na wazee wake na mitungi ya pombe ya lubisi, ingawa yeye hanywi.

Kwa hiyo watu wa Buganguzi walikosea kisiwa tu, mama. Jambo lenyewe hawakulikosea. Uliniapia mbele ya watu nami nimekufanya mwongo. Hilo linaniuma kuliko mimba, kuliko meli, kuliko mlima wa moto.

Jumamosi ya wiki ijayo nitakuja na lori, nitashuka njia panda ya kanisa. Naomba unipokee hapo, na ulete kahawa ya kutafuna tunayompa kila anayeingia nyumbani kwetu. Ukinipa hata punje moja nitajua bado nina kwetu. Nisipokuona sitakulaumu. Nitapanda tena lori lile lile.

Nisalimie Karugendo, na umwambie chai yake ilipoa. Nisalimie baba, ila mwache ale kwanza ndipo umweleze. Joviana usimsalimie. Nitamsalimia mwenyewe kisimani, nikiwa na tumbo langu, kama utakubali kusimama nami.

Ni mimi mwanao,
Verdiana