Goti la Soidri na Kimya cha Magoudjou

Malika shoga yangu, yule Thouraya wetu, mtafiti wa afya ya wanamichezo, hakung'amua kitu! Kila alipowauliza wachezaji wa mpira wa mtaa wa Magoudjou, hapa Moroni, kuhusu maumivu, walinyamaza. Naye akaamini ni wazima.

Juzi kauliza tena, kocha kakaa mbele. Kimya. Ndipo Nabhane, mchezaji yule wa Mutsamudu aliyekwama Moroni tangu kisiwa chao kijitenge na chetu, akacheka: "Dada, hawa hawajafanya ndoa kubwa. Watasemaje mbele ya kocha, mzee aliyeifanya?"

Thouraya, mtoto wa Moroni, akumbushwe na mtu wa Mutsamudu kwamba asiyefanya harusi ile ya kimila hana sauti mbele ya aliyeifanya!

"Nyamaza, mtu wa kujitenga!" wenzake wakamtania.

"Sawa, nimejitenga. Na goti la mwenzetu Soidri je? Limevimba kama fenesi, na Jumapili anacheza!"

Fenesi, Malika! Mbele ya kocha! Thouraya alitamani ardhi immeze.

Kocha akainuka, akakusanya joho lake. "Kumbe kinachowaziba midomo ni mimi." Akatoka mwenyewe.

Basi vinywa vikafunguka, kila mmoja akitaja kifundo chake cha mguu kinachouma.

Soidri hachezi Jumapili. Maswali ya utafiti sasa wanayatunga wachezaji wenyewe, na kocha anangoja nje.